Kusema "siwezi" kwa Kilatvia: mwongozo kamili kwa anayetafsiri kutoka Kiingereza

Kiingereza kinalitwika neno moja, "can't", mizigo mingi: hujui, huna nguvu, huruhusiwi, hukuwahi, hukufanikiwa, huoni, huvumilii. Kilatvia kinaigawa mizigo hiyo, kila mmoja na kitenzi chake. Anayeweka nevar (hawezi) kila mahali ataeleweka nusunusu, na mara nyingine atakuwa amesema jambo jingine kabisa. Ukimwambia mwalimu wa kuogelea mjini Riga "es nevaru peldēt", atadhani leo kuna kinachokuzuia, labda jeraha au mafua, ilhali ulitaka kusema hujawahi kujifunza.

Msemaji wa Kiswahili ana njia fupi ambayo vitabu vya Kilatvia vilivyoandikwa kwa Kiingereza havimwonyeshi. Sisi husema "sijui kuogelea", "hairuhusiwi", "nimeshindwa kuufungua", "sikuliwahi basi", "mwandiko hausomeki", na karibu kila moja ya kauli hizo ina mwenzake wa moja kwa moja katika Kilatvia. Kwa hiyo utaratibu tunaoupendekeza ni huu: sentensi ya Kiingereza ipitishe kwanza kwenye Kiswahili cha kawaida cha mazungumzo, kile unachosema bila kufikiri, kisha ndipo uingie Kilatvia.

Hatua ya 1: Weka ukanushi mahali pake

Kitenzi cha Kilatvia hukanushwa kwa kiambishi awali ne-, kinachoandikwa pamoja na kitenzi: varu (naweza), nevaru (siwezi), protu (najua), neprotu (sijui). Kama kitenzi kina kiambishi kingine, ne- hutangulia: saprotu (naelewa), nesaprotu (sielewi). Mkazo wa sauti huhamia kwenye ne- yenyewe, NE-varu. Sikio la Kiswahili lina hamu ya kuuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na hapo ndipo wengi husikika wakisema ne-VA-ru. Fanya mazoezi kwa sauti mapema, maana tabia hii ni ngumu kuiacha baadaye.

Kitenzi kimoja tu kina umbo la pekee: ir (ni, yuko) hukanushwa kuwa nav. Wakati uliopita ni nebija, ujao ni nebūs.

Ukanushi hurudiwa. Ukiwa na neviens (hakuna mtu), nekas (hakuna kitu), nekad (kamwe) au nekur (hakuna mahali), kitenzi bado lazima kikanushwe: "Neviens nevar palīdzēt", hakuna anayeweza kusaidia; "Es neko nevaru darīt", siwezi kufanya lolote. Kiingereza hukataza ukanushi wa mara mbili, na anayekifuata huandika "neviens var", ambayo ni kosa. Hata kwenye "ne… ne…" kitenzi hukanushwa: "Viņš neprot ne lasīt, ne rakstīt", hajui kusoma wala kuandika.

Hatua ya 2: Uliza ni kitu gani kinachozuia

Hapa ndipo penye kazi. Kabla ya kuchagua neno, jibu swali moja: kwa nini haiwezekani?

*Hali ya sasa inazuia: nevarēt.* Hiki ndicho kitenzi kipana, cha mazingira, nafasi na uwezekano. Sasa: varu, vari, var, varam, varat, var. Uliopita: varēju, varēji, varēja, varējām, varējāt, varēja. Ujao: varēšu, varēsi, varēs, varēsim, varēsiet, varēs. "Rīt nevarēšu atnākt", kesho sitaweza kuja. "Nevaru atrast atslēgas", sizioni funguo. Bila mtenda hutoa maana ya jumla: "Šeit nevar maksāt ar karti", hapa huwezi kulipa kwa kadi. Usitafute neno la kusimama badala ya "you" ya Kiingereza, kwa sababu nafsi ya tatu bila kiwakilishi inatosha.

*Ujuzi haupo: neprast au nemācēt.* Chochote unachoweza kusema kwa "sijui ku-" kinaingia hapa: kuogelea, kuendesha gari, kupika, kucheza gitaa. "Es neprotu peldēt", "Viņa nemāk braukt ar mašīnu". Prast ni ya maandishi na mazungumzo ya adabu. Mācēt ni ya nyumbani na mtaani. Prast hubadilika ndani: protu, proti, prot, protam, protat, lakini uliopita ni pratu, prati, prata. Mācēt: māku, māki, māk, mākam, mākat, uliopita mācēju. Prast huchukua pia jina la lugha kama yambwa, yaani kinachotendwa: "Neprotu latviešu valodu", sijui Kilatvia. Katika mazungumzo ya kawaida utasikia zaidi "Es nerunāju latviski", sizungumzi Kilatvia.

*Nguvu ya mwili au ya moyo imekwisha: nespēt.* "Nespēju pacelt šo somu", sina nguvu za kuuinua mfuko huu. "Nespēju noticēt", siamini kabisa. Ni neno zito kidogo na la kiuandishi zaidi kuliko nevarēt, kwa hiyo usilitumie kwa mambo madogo. "Nespēju atnākt uz ballīti" inasikika kama umeanguka kitandani, kumbe una miadi nyingine tu.

Nespēt ina mtego wa tahajia. Nafsi ya kwanza umoja, nespēju, ni umbo moja kwa wakati uliopo na uliopita, hivyo ongeza vakar (jana) au neno jingine la wakati. Kwa wingi, tofauti yote imo kwenye kistari juu ya herufi: nespējam ni sasa, nespējām ni wakati uliopita, vivyo hivyo nespējat na nespējāt. Ukiandika kwa kibodi isiyo na herufi za Kilatvia, msomaji hatajua unazungumzia lini.

*Ruhusa haipo: nedrīkstēt.* Drīkstu, drīksti, drīkst, drīkstam, drīkstat. "Šeit nedrīkst smēķēt", hapa hairuhusiwi kuvuta sigara. "Nedrīkstu teikt", siruhusiwi kusema. Daktari akikwambia "jūs nedrīkstat celt smagumus", amekukataza kuinua vitu vizito. Angesema "jūs nevarat" angekuwa anaeleza kwamba mwili wako hauwezi. Kwenye dawa, mkataba au sheria za nyumba ya kupanga, tofauti hii si ya mapambo.

Na hapa kuna mtego mkubwa zaidi. "Must not" ya Kiingereza ni nedrīkst. Usiitafsiri kwa nav jā-, kwa sababu umbo hilo linaondoa ulazima tu: "Tev nav jāiet" maana yake si lazima uende. Katazo likigeuka hiari, mtu anaweza kuumia.

*Ulijaribu ikashindikana: neizdoties.* Kitenzi hiki kinamweka mtu katika datīvs, yaani umbo la anayepewa: man (mimi), tev (wewe), viņam (yeye mwanamume), viņai (yeye mwanamke), mums (sisi), jums (ninyi). "Man neizdevās atvērt durvis", nilishindwa kufungua mlango. Sasa ni neizdodas, ujao neizdosies. "Couldn't" ya tukio moja lililojaribiwa huenda hapa mara nyingi kuliko kwenye nevarēja. "Es nevarēju atvērt durvis" si kosa, lakini haisemi wazi kwamba ulijaribu.

*Muda haukutosha: nepaspēt.* "Nepaspēju uz autobusu", sikuliwahi basi. "Nepaspēšu pabeigt", sitawahi kumaliza.

Hatua ya 3: Angalia kama "can't" inahitaji kuondoka kabisa

Kwa kuona, kusikia, kuelewa na kukumbuka, Kiingereza hupenda kuongeza "can". Kilatvia, kama Kiswahili, hakihitaji. Sisi husema "sikusikii" kwenye simu, na Mlatvia husema "Es tevi nedzirdu", au "Es jūs nedzirdu" kwa mtu wa heshima. Neredzu, nesaprotu, neatceros: sioni, sielewi, sikumbuki.

Nevaru hurudi pale kunapokuwa na juhudi, na mara nyingi kitenzi kikuu huongezewa kiambishi kinachoonyesha kufikia mwisho wa jambo. Klausīties ni kusikiliza, lakini "nevaru saklausīt" ni kutega sikio na bado maneno hayashikiki. "Nevaru saskatīt", nakodoa macho bila kubainisha. "Nevaru salasīt šo rokrakstu", mwandiko huu umenishinda. "Nevaru viņu sazvanīt", nampigia simu simpati. "Nevaru aizmigt", usingizi hauji. Zvanīt bila sa- ni kupiga simu tu, hivyo "nevaru zvanīt" ingemaanisha labda huna salio. Kila unapokutana na kitenzi kipya, jifunze pia umbo lake lenye kiambishi cha kukamilisha, maana nevaru ya juhudi mara nyingi hulitaka hilo.

Vitu vinavyogoma navyo havihitaji kitenzi cha kuweza. "Telefons neieslēdzas", simu haiwaki. "Pildspalva neraksta", kalamu haiandiki. "Won't" ya Kiingereza hapa isikuvute kwenye wakati ujao wa Kilatvia.

Kuna pia tikt, kitenzi ambacho wageni huchelewa kukitumia ilhali wenyeji wanacho mdomoni siku nzima. Maana yake ni kufika au kupenya, na kikikanushwa hueleza kushindwa kwa namna nyingi: "netieku iekšā", siwezi kuingia, "netieku klāt", sifikii, "netieku līdzi", naachwa nyuma, "netieku galā ar darbu", kazi imenizidi. Sasa: tieku, tiec, tiek, tiekam, tiekat, uliopita: tiku. Mwenzake wa mazungumzo ni nesanākt, kinachotumia datīvs: "Man rīt nesanāk", kesho hainipi nafasi. Kwa kukataa mwaliko wa rafiki, huo ndio mlango wa upole. Katika barua rasmi andika "Diemžēl nevarēšu ierasties", kwa bahati mbaya sitaweza kufika.

Hatua ya 4: Kwa "-able" na "un-", tumia nafsi ya "sisi"

Kiswahili kina -ika na -eka: hausomeki, haivumiliki, haitengenezeki. Kilatvia kina -ams na -āms, na kanuni ya kuvipata ni rahisi ajabu: chukua kitenzi katika nafsi ya "sisi" wakati uliopo, ongeza s, kisha tanguliza ne-. Saprotam (tunaelewa) hutoa nesaprotams, kisichoeleweka. Redzam hutoa neredzams, kisichoonekana. Labojam hutoa nelabojams, kisichotengenezeka. Kama nafsi ya "sisi" inaishia na -ām, kistari hubaki: salasām hutoa nesalasāms.

Neno hili ni kivumishi, kwa hiyo hufuata jinsia na idadi: "rokraksts ir nesalasāms", mwandiko hausomeki, "slimība ir neārstējama", ugonjwa hautibiki, "sāpes ir nepanesamas", maumivu hayavumiliki. Unaweza pia kutenganisha ukanushi: "Viņš nav sazvanāms", hapatikani kwa simu, "Biļetes nav dabūjamas", tiketi hazipatikani.

Kwa "it is impossible to", andika nav iespējams kisha kitenzi: "Nav iespējams atrast dzīvokli." Ukitaka kusema nafasi haipo, nav hudai ģenitīvs, umbo la umilikaji: "man nav iespējas", "man nav laika" (sina muda), "man nav spēka" (sina nguvu). Kuandika "man nav laiks" ni kosa ambalo masikio ya Kilatvia hulikamata papo hapo. Lakini baada ya nevaru, yambwa hubaki katika akuzatīvs, umbo lake la kawaida: "nevaru atrast dzīvokli".

Hatua ya 5: Misemo isiyotafsirika neno kwa neno

"I can't wait" ndiyo inayoharibika zaidi. "Nevaru gaidīt" inamaanisha huna muda wa kusubiri. Furaha ya kungojea ni "Nevaru vien sagaidīt!", na katika barua "Ar nepacietību gaidu". Lile neno dogo vien linageuza maana: "nevarēju vien nobrīnīties", nilistaajabu nisimalize kustaajabu.

"I can't help laughing" hutaka ukanushi mara mbili: "Nevaru nesmieties", siwezi nisicheke. Lakini "it can't be helped" ni "Neko darīt", kama tusemavyo hakuna la kufanya.

"I can't stand him": "Es viņu nevaru ciest", au kwa kifupi "neciešu".

"I can't afford it": "Nevaru to atļauties". Kwa lugha ya mtaani, "Tas man nav pa kabatai", halilingani na mfuko wangu. Kwa mpangilio huohuo, "Tas man nav pa spēkam" ni jambo lililozidi nguvu zangu, na "Tas nav manos spēkos" ni lile lisilo mikononi mwangu.

"I can't bring myself to": "Man neceļas roka to izmest", mkono hauinuki kukitupa.

"I'm no good at": "Man nepadodas matemātika", hesabu hainikubali. Angalia datīvs tena.

"I can't be bothered": "Man negribas" ni upole, "Man slinkums" ni kukiri uvivu. Kumsema mwingine kwamba hata hajishughulishi ni "Viņš nevīžo atbildēt", na hiyo ni lawama, usiiweke kwenye barua pepe ya kazini.

"That can't be!" ni "Nevar būt!" "I can hardly walk" haina ne- kabisa: "Tik tikko varu paiet", natembea kwa shida.

Na "couldn't" si ya wakati uliopita kila mara. "Couldn't you help me?" ni ombi, na Kilatvia hutumia hali ya masharti: "Vai jūs nevarētu man palīdzēt?" Ukiweka nevarējāt, umemuuliza kwa nini hakukusaidia, na swali la adabu limegeuka shutuma. Kwa nafsi zote umbo ni moja, nevarētu.

Nomino na lugha ya ofisi

Hapa usibuni, tumia neno lililokwisha kukubalika. Nespēja ni kutoweza kwa jumla, neprasme ni kukosa ujuzi, nespēks ni udhaifu wa mwili. Bezspēcīgs ni asiye na nguvu, bezpalīdzīgs ni asiyejiweza. Cheti cha kutokwenda kazini kwa ugonjwa ni darbnespējas lapa, cha aina A au B. Maksātnespēja ni kufilisika. Kwa ulemavu neno ni invaliditāte, na kumtaja mtu andika "cilvēks ar invaliditāti", kwani invalīds husikika kwa ukali. Mzoefu wa pwani anayesema "hawezi" kwa maana ya mgonjwa aandike "ir slims"; nevar haibebi maana hiyo.

Kwenye kompyuta, kipengele kilichozimwa ni atspējots, na kukiwasha ni iespējot. Ujumbe wa hitilafu "could not open the file" ni "Neizdevās atvērt failu", bila man, kwani programu haijitaji.

Mfano mmoja hadi mwisho

Tuseme una ujumbe huu wa mpangaji, ambao kwa Kiingereza umejaa "can't" na "couldn't": jana sikuweza kufungua dirisha, siwezi kusikia kengele, siwezi kumpata msimamizi wa jengo, siwezi kutumia mashine ya kufulia, kwenye ngazi huwezi kuvuta sigara lakini jirani hawezi kujizuia, na nyumba nyingine siwezi kuimudu.

"Vakar man neizdevās atvērt logu. Durvju zvanu es nedzirdu, un namu pārzini nevaru sazvanīt. Veļas mašīnu neprotu lietot. Kāpņu telpā nedrīkst smēķēt, bet kaimiņš nespēj atturēties. Citu dzīvokli nevaru atļauties."

Nevaru imebaki mara mbili tu. Dirisha lilijaribiwa, kwa hiyo neizdevās. Kengele haikuhitaji kitenzi cha kuweza. Msimamizi amepata sa-. Mashine ni suala la ujuzi. Ngazi ni ruhusa. Jirani ni udhaifu wa nia. Kama mashine ingekuwa imeharibika, sentensi ingegeuka "veļas mašīna nedarbojas", na mwenye nyumba angeleta fundi badala ya kuja kukuonyesha vitufe.

Kabla ya kutuma, pitia maandishi mara moja kwa ajili ya vistari (ā, ē, ī, ū) na mara nyingine kwa ajili ya man na es: izdoties, sanākt na padoties hudai man, varēt, spēt, prast na drīkstēt hudai es. Ukikwama kwenye umbo la kitenzi, kitafute katika kamusi ya mtandaoni tezaurs.lv bila ne-. Usipokipata, jaribu nayo, kwani vitenzi kama neieredzēt (kuchukia) huishi katika ukanushi.